Mota ya Stima kwa Boti ya Kikundi: Volti 12, 24 au 48?

Vikundi vya ufuoni, kuanzia Usenge na Dunga huko ziwani mpaka Gazi na Kibuyuni huko baharini, vimeanza kuulizia mota za stima za kusukuma boti. Sababu zinajulikana. Petroli ni ghali, oili inayochanganywa nayo humwagika majini, na paneli za sola zimeshuka bei sana kuliko zilivyokuwa miaka 20 iliyopita. Basi wanakikundi wanachanga, wanafika dukani, na mwenye duka anawauliza, "Mnataka ya volti ngapi?"

Hapo watu huangaliana. Mmoja husema tuchukue yenye namba kubwa, hiyo ndiyo yenye nguvu. Mwingine husema tuchukue ya volti 12, maana betri ya gari ni 12 na inapatikana kila mahali. Wote wawili wamejibu mapema mno. Volti ni jambo la kuamua mwishoni, baada ya kujua kazi ya boti na nguvu inayotakiwa. Kikundi kikianza na volti, kinaweza kutumia akiba ya mwaka mzima kununua mota isiyofaa. Tena pesa si hasara kubwa kuliko zote. Boti ikizimikia mbali na ufuo wakati upepo wa alasiri umeanza, kilicho hatarini ni watu.

Tangi, bomba na maji

Kama kijiji chenu kina mradi wa maji ya kuteremka kutoka mlimani, tayari mnalijua jambo hili nusu. Volti ni kama urefu wa mahali tangi lilipowekwa. Kadiri tangi lilivyo juu, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa kishindo. Ampea ni wingi wa maji yanayopita ndani ya bomba kila dakika. Waya ndio bomba lenyewe. Na kazi inayofanyika kule chini, tuseme kuzungusha kinu, hutegemea mambo mawili pamoja: kishindo na wingi. Kazi hiyo kwa upande wa stima huitwa wati.

Hesabu yake ni rahisi. Volti mara ampea ni wati. Mota inayokula wati 600 ikiwa ya volti 12 itavuta ampea 50. Mota nyingine ya wati 600 ikiwa ya volti 24 itavuta ampea 25 tu. Boti itasukumwa sawasawa. Samaki hawatajua tofauti, lakini waya utajua.

Waya hupata moto kwa sababu ya ampea, wala si kwa sababu ya volti. Tuchukue mfano wa boti ambayo betri imewekwa katikati na mota iko nyuma, umbali wa mita 3. Stima huenda na kurudi, kwa hiyo waya wote ni mita 6. Fundi ametumia waya wa shaba wa milimita 10 za eneo. Kwa volti 12 na ampea 50, nusu volti hupotea njiani, na wati 26 huishia kupasha waya moto. Kwa volti 24 na ampea 25, inapotea robo volti, na wati zinazopotea hazifiki 7. Yaani ampea zikipungua nusu, moto ndani ya waya hupungua mara nne. Hii ndiyo sababu kubwa ya kupanda volti, na ndiyo sababu volti kubwa hazina uchawi wowote zaidi ya hapo.

Nusu volti yaweza kuonekana kitu kidogo. Lakini ukiwa na 12 peke yake, huna za kupoteza. Betri ikianza kuchoka inashuka, waya unakula nusu, kiungio chenye kutu kinakula nusu nyingine, na mota inabaki inanguruma bila kusonga. Ndugu zetu wa pwani walitilie maanani hili zaidi, maana maji ya chumvi hula vichwa vya betri na viungio vya shaba upesi sana. Mfumo wa volti 24 au 48 huvumilia kiungio kibovu kuliko wa 12, ingawa dawa yenyewe ni kukisafisha na kukipaka grisi.

Kwanza kazi, kisha wati

Sasa turudi mwanzo. Boti yenu inafanya kazi gani? Kuna kikundi kinachokwenda kulisha samaki kwenye vizimba karibu na ufuo. Kuna kina mama wanaofika kwenye mashamba ya mwani maji yakiwa yamejaa. Kuna wanaopitisha wageni polepole kandokando ya mikoko. Kazi hizi ni za mwendo mdogo na umbali mfupi, na hapa mota ndogo ya stima inang'aa. Kuna pia wanaobeba abiria 20 kutoka kisiwa hadi kisiwa, au wanaokwenda usiku kutega omena mbali ziwani. Hiyo ni habari nyingine, tutaifikia.

Mota ndogo hazipimwi kwa nguvu za farasi bali kwa ratili za msukumo, na kwenye mota huandikwa "lb". Kanuni wanayoitumia wengi ni ratili 2 za msukumo kwa kila ratili 100 za uzito wa boti na vyote vilivyomo. Kwa kilo zetu, ni kama ratili 4 na nusu kwa kila kilo 100. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, cha maji matulivu. Penye upepo na mawimbi, zidisha mara mbili.

Tuseme kikundi kina boti ya mbao yenye uzito wa kilo 300, watu wanne, na magunia machache ya chakula cha samaki. Jumla kilo 700. Kwa maji matulivu wanahitaji kama ratili 31. Kwa upepo wa mchana, kama ratili 62. Hapa ndipo volti zinaanza kujileta zenyewe, kwa sababu watengenezaji wa mota ndogo wamekwisha kuzipanga. Mota za volti 12 kwa kawaida huishia kwenye ratili 55 hivi. Za volti 24 hufika kama ratili 80. Za volti 36 hufika 112. Na ukiziangalia zote tatu, utaona kila moja ikifunguliwa mpaka mwisho huvuta karibu ampea 50. Watengenezaji hawataki kupita hapo sana, kwa ajili ya ule ule moto wa waya.

Kikundi chetu cha kilo 700 basi kinaweza kwenda na mota ya 12 siku ya shwari, lakini kitakuwa mwisho wa uwezo siku ya upepo. Mimi ningewaambia wachukue ya volti 24 yenye ratili 80, na waitumie nusu nusu. Mota inayofanya kazi nusu ya uwezo wake hudumu, na siku ya shida ina akiba.

Kuna jambo moja ambalo madereva wa injini za petroli hulikataa mpaka walione. Boti nzito inayokata maji bila kuinuka juu yake ikitaka kwenda kasi mara mbili, inahitaji nguvu karibu mara nane. Kinyume chake ni faida tupu: ukipunguza nguvu hadi nusu, mwendo unapungua kama moja ya tano tu. Kwa hiyo anayefungua mota mpaka mwisho ili afike dakika tatu mapema anaimaliza betri bure. Chagueni nahodha asiye na haraka.

Betri mbili ni betri mbili

Hapa pana kosa linalorudiwa sana. Watu hudhani mfumo wa volti 24 una stima nyingi kuliko wa 12. Hapana. Chukua betri mbili za volti 12, kila moja ikiwa na maandishi 100Ah. Ukiziunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata volti 12 na 200Ah. Ukiunga chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, unapata volti 24 na 100Ah. Zidisha mwenyewe: 12 mara 200 ni 2,400, na 24 mara 100 ni 2,400. Hizo ni wati-saa, ndizo "lita" zilizomo ndani ya tangi. Namna ya kuunga haiongezi hata tone.

Kwa hiyo hesabu ya betri hufanywa kwa wati-saa. Kikundi chetu kina vizimba umbali wa kilomita moja na kinakwenda mara tatu kwa siku. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kwenda na kurudi mara tatu ni dakika 72. Tukiweka na muda wa kuzunguka vizimba, tuseme saa moja na nusu ya mota kufanya kazi. Kwa wati 600, hizo ni wati-saa 900. Ongeza theluthi kwa ajili ya upepo na dharura: 1,200. Kama ni betri za asidi, zisishushwe chini ya nusu, vinginevyo hufa mapema. Basi nunua mara mbili: 2,400. Ndizo zile betri mbili za 100Ah.

Betri hizo mbili zina uzito wa karibu kilo 60. Ziwekwe chini na katikati, zifungwe kamba, wala zisirundikwe nyuma pamoja na mota na nahodha, boti ikaenda imeinua pua.

Na ziwe betri za kazi ndefu, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya sola. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiikamua kila siku kama ng'ombe wa maziwa, itakufa baada ya muda mfupi. Mjue pia kwamba ile 100Ah iliyoandikwa hupimwa kwa kutoa stima polepole kwa muda wa saa 20. Ukiitoa harakaharaka kwa saa mbili, betri ya asidi haitoi zote.

Betri za litiamu za aina ya fosfati ya chuma zinaweza kushushwa hadi kubakia sehemu ya tano bila kuumia. Kwa kazi ile ile, betri moja ya volti 24 yenye 60Ah ingetosha, na uzito wake ni chini ya nusu ya zile mbili. Bei ya kwanza ni kubwa, lakini kwa kikundi kinachotumia boti kila siku naona ndiyo rahisi kwa hesabu ya miaka. Ila angalieni mambo mawili. Msiunge betri mbili za litiamu za volti 12 kupata 24 isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba inaruhusiwa. Ni afadhali kununua moja iliyotoka kiwandani ikiwa 24. Tena betri hizi zina kifaa cha ndani cha kujilinda, na zikifika mwisho hukata ghafla bila kuaga. Betri ya asidi hukuonya kwa kulegea. Ya litiamu haionyi, kwa hiyo kipima chaji kiwe mbele ya macho ya nahodha.

Gugumaji na fyuzi

Kwenye Ghuba ya Winam gugumaji limetusumbua tangu miaka ya 1990, na mota ya stima halielewani nalo kabisa. Likijiviringa kwenye propela, mota hujikaza, na ampea huruka juu mara moja. Mota ya volti 12 iliyokuwa tayari inavuta 50 inaweza kuunguza waya au sanduku la kuongozea mwendo. Dawa ni fyuzi au swichi ya kujizima, na mahali pake ni karibu kabisa na chanya ya betri, isizidi shibiri moja. Kuna mafundi wanaoiweka huko nyuma kwenye mota. Hapo haisaidii, kwa sababu waya ukigusana katikati ya boti hakuna cha kuukata, na boti ni ya mbao. Ukubwa wa fyuzi ufuate uwezo wa waya. Fyuzi ikiungua, usiweke msumari wala waya wa shaba mahali pake. Ng'oa gugumaji kwanza.

Na taa je? Hapa wajanja hujiletea hasara. Boti ina betri mbili zilizoungwa kuwa volti 24, lakini taa na chaja ya simu ni za 12, basi mtu anachomeka kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Taa inawaka vizuri. Lakini betri ile inaishiwa kila siku kabla ya mwenzake, na wakati wa kuchaji mwenzake anashibishwa kupita kiasi. Baada ya miezi zote mbili zimeharibika. Nunueni kifaa kidogo cha kushusha volti 24 kuwa 12, au mweke betri ndogo ya pekee kwa ajili ya taa. Kwa sababu hiyo hiyo, msiunge betri mpya na iliyochoka, wala za ukubwa tofauti.

Sola nayo lazima ilingane. Chaja ya volti 12 haiwezi kujaza betri za 24. Paneli ndogo iliyoitwa ya volti 12 hutoa kama volti 18 juani, na betri za asidi za 24 huhitaji kusukumwa hadi karibu 29 ili zijae. Basi ni lazima paneli mbili za namna hiyo ziungwe kwa kufuatana. Paneli za jumla ya wati 300 zikipata jua zuri kwa muda wa saa 5 hutoa kama wati-saa 1,100 baada ya hasara za njiani, ambazo zingerudisha kazi ya siku ya kikundi chetu. Betri za asidi zikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo kibanda kiwe na madirisha na jiko likae mbali.

Wenye injini ya farasi 15

Sasa wale wa abiria. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, kwa hiyo injini ya farasi 15 ni kama wati 11,000. Kwa volti 12 hizo ni ampea zaidi ya 900. Hakuna waya wa kuaminika wa kufunga namna hiyo kwenye boti ya kijiji. Kwa volti 48 ni ampea kama 230, ambazo bado zinataka waya mnene kama kidole, lakini inawezekana, na ndiyo maana mota nyingi za ukubwa huo ni za 48. Yeyote atakayewauzia mota ya volti 12 akisema ni sawa na farasi 15, mwonyesheni hesabu hii kisha mwondoke.

Ugumu mkubwa uko kwenye betri. Kuendesha wati 11,000 kwa saa moja kwa betri za asidi za 100Ah, ukizishusha nusu tu, kunahitaji betri 18 au zaidi. Hizo ni zaidi ya kilo 500, na abiria mtawaweka wapi? Kwa kazi hiyo ni litiamu ya volti 48 au ni kubaki na petroli kwa sasa, na si aibu kubaki nayo. Vikundi vingine hugawa kazi: injini ya petroli kwa safari ndefu, mota ya stima kwa kazi za karibu.

Zipo pia mota za mamia ya volti. Hizo si zetu. Hadi volti 60 za betri huhesabiwa kuwa hazina hatari kubwa kwa mtu mkavu, lakini ndani ya boti hakuna mtu mkavu. Mwili uliolowa hupitisha stima kwa urahisi zaidi, kwa hiyo hata 48 ifunikwe vizuri, na vichwa vya betri viwekewe vifuniko vya mpira. Betri ya volti 12 nayo, ijapokuwa haikurushi, ikigusanishwa kwa spana hutoa cheche za kuyeyusha chuma. Vua pete na saa kabla ya kuishika.

Makasia yabaki ndani ya boti, na jaketi za kuokolea maisha kwa kila mtu, mota iwe ya stima au ya petroli.

Siku ya kuipokea mota

Soma kibao kilichobandikwa kwenye mota: volti, wati au ampea za juu kabisa, na kama inaruhusiwa kwenye maji ya chumvi. Nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa maji baridi tu, na hizo pwani hazimalizi msimu. Mota ya volti 12 isiungwe kamwe kwenye 24, hata kwa kujaribu, labda kibao chenyewe kiwe kimeandika 12/24. Na anayefunga sola awe fundi mwenye leseni ya EPRA.

Kisha fanyeni jaribio moja kabla ya kumlipa fundi. Fungeni boti kwa kamba gatini, mota ifunguliwe mpaka mwisho, na mtu apime volti kwenye vichwa vya betri, halafu apime pale waya unapoingia kwenye mota. Kwa mfumo wa 12, tofauti isizidi 0.4. Kwa 24 isizidi 0.7, na kwa 48 isizidi 1.4. Shikeni pia waya kwa mkono baada ya dakika kumi. Ikiwa tofauti imezidi au waya una joto la kutoshikika, fundi abadilishe waya, alete mnene zaidi, na mpime tena hapo hapo mbele ya mweka hazina.